Shajara ya udongo: kutoka Kabete hadi Mbita

Jumatatu, Kabete

Swali tunalosafiri nalo kutoka Nairobi hadi ziwani ni moja: shamba limetoa nini, na limerudishiwa nini? Vipimo vya afya ya udongo ni vingi, lakini karibu vyote huishia kwenye hesabu hiyo.

Tunaanzia Kabete, kwenye maabara ya kitaifa ya utafiti wa kilimo iliyo chini ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo. Hapa kuna jaribio lililoanza 1976 kwenye udongo mwekundu, mzito na wenye kina, ambao wataalamu huuita nitisoli. Masika hupandwa mahindi, vuli maharagwe. Vipande vingine havipewi chochote. Vingine hupewa mbolea ya dukani pekee, vingine samadi pekee, tani 5 au 10 kwa hekta, na vingine vyote viwili. Kisha kuna vipande ambavyo mabua hurudishwa na vile ambavyo mabua huondolewa, kama yanavyoondolewa katika mashamba mengi kwenda kulisha ng'ombe.

Matokeo yake hayamfurahishi anayetafuta dawa moja ya kila shamba. Penye mbolea ya dukani pekee mavuno hupanda miaka ya mwanzo, kisha huanza kuteleza, na tindikali ya udongo huongezeka. Penye samadi pekee mavuno hutulia lakini hayapandi sana. Mahindi husimama vizuri zaidi pale ambapo samadi, mbolea na mabua vimekutana. Na hata hapo kuna habari nzito: katika miaka 18 ya kwanza kaboni ya udongo, ambayo ndiyo moyo wa mboji, ilishuka kwenye vipande vyote. Tofauti ilikuwa kasi ya kushuka tu. Ardhi iliyotoka kwenye miti au nyasi ikaanza kulimwa kila msimu hupoteza mboji yake kwa haraka, na kinachorudishwa huwa hakifikii kinachooza.

Tuifanye hesabu kwa ekari moja iliyotoa magunia 10 ya kilo 90. Punje hizo kilo 900 huondoka na naitrojeni kama kilo 14, fosforasi kilo 3 hivi na potasiamu kilo 3 hadi 4. Mabua yake, ambayo uzito wake ukikauka unakaribiana na wa punje, hubeba naitrojeni kilo 6 au 7, na potasiamu kilo 12 au zaidi. Sasa weka upande wa pili mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 na mmoja wa mbolea ya kukuzia ya CAN. DAP huleta naitrojeni kilo 9 na fosforasi kilo 10, CAN huongeza naitrojeni kilo 13. Potasiamu ni sufuri. Mkulima anayenunua mifuko hii kila msimu na kumpa ng'ombe wa jirani mabua yake anajaza naitrojeni na fosforasi huku akimwaga potasiamu, na kwa miaka kadhaa hatauona upungufu huo kwa macho. Ukifika, utauonea kwenye majani ya chini ya mahindi: kingo zitakauka kuanzia nchani kana kwamba zimebabuliwa na moto.

Hesabu hiyo haifai kitu kama sampuli ya udongo ilichukuliwa ovyo, na hapa ndipo pesa nyingi za kupima hupotelea. Sampuli huchukuliwa kabla ya kupanda, si wiki mbili baada ya kutia mbolea. Gawanya shamba kwa jinsi lilivyo: mteremko mbali, bonde mbali, penye udongo mweusi mbali na penye mwekundu. Katika kila sehemu tembea kwa zigizaga na uchimbe mahali 10 hadi 15, kila shimo kina cha sentimita 20, ukikata ubavu wa shimo kwa unene ulio sawa kutoka juu hadi chini. Ukichota wa juu pekee utajidanganya, kwa sababu rutuba nyingi imekaa sentimita chache za mwanzo. Epuka vichuguu, zizi la zamani, chini ya miti, ukingo wa njia na pale ulipochomwa moto wa takataka. Changanya vyote kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati huongeza zinki, na mfuko uliobeba mbolea huharibu kila kitu. Tandaza udongo, ugawe mara nne kama chapati, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ibaki nusu kilo. Uanike kivulini. Jua kali hubadilisha hali ya naitrojeni na baadhi ya madini, na udongo ukiachwa mbichi ndani ya nailoni vijidudu huendelea kufanya kazi hadi siku ya maabara.

Maabara nyingi bado hupima kaboni kwa kuunguza sampuli kwa dikromati na asidi ya salfa. Njia hiyo haiifikii kaboni yote, kwa hiyo jibu huzidishwa kwa takriban 1.3, na ukilinganisha majibu ya maabara mbili uliza kwanza kama zote zimefanya hivyo. Siku hizi kuna pia njia ya mwanga wa infraredi, ambayo ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto kilichoko Gigiri, Nairobi, kimeitumia kwa maelfu ya sampuli za Afrika: udongo husagwa laini, humulikwa, na mwanga unaorudi husomwa. Ni ya haraka na rahisi, ila huhitaji sampuli za kulinganishia zilizopimwa kwa njia ya kawaida, la sivyo itakupa tarakimu nzuri isiyo na maana.

Kipimo kingine hakihitaji maabara. Chukua madonge mawili ya udongo yenye ukubwa wa yai la kware, moja kutoka chini ya ua wa mimea ambapo jembe halifiki, jingine katikati ya shamba linalolimwa kila msimu. Yaanike siku mbili. Weka kila donge juu ya kipande cha wavu, ulishushe ndani ya glasi ya maji, kisha utazame bila kugusa. Donge la chini ya ua hutoa mapovu madogo, hulowa, na dakika 5 zikipita bado lina umbo lake na maji ni meupe. La shambani huanza kumomonyoka pembeni karibu mara moja; vipande hudondoka kupitia wavu, na chini ya glasi hujikusanya tope lenye rangi ya matofali. Ndivyo matone ya mvua yanavyofanya kwenye shamba hilo: hupasua madonge, vumbi lake huziba vinyweleo, na maji ambayo yangezama huteleza kwenda mtoni. Gundi iliyolishika donge la kwanza ni nyuzi za ukungu, ute wa mizizi na kinyesi cha minyoo. Hakuna mfuko wa dukani wenye gundi hiyo.

Jumanne, Thika na Chuka

Tangu 2007 FiBL, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa kilimo hai, pamoja na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, KALRO na washirika wengine, imekuwa ikilinganisha kilimo hai, kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, na kilimo cha kawaida katika vituo viwili: Thika, penye mvua ya wastani, na Chuka, penye mvua nyingi zaidi chini ya Mlima Kenya. Kila aina ya kilimo hulimwa kwa viwango viwili, cha juu chenye umwagiliaji na pembejeo nyingi, na cha chini kinachofanana na shamba la mkulima mdogo. Mzunguko wa mazao huchukua miaka 3, na ndani yake kuna mahindi, mboga, jamii ya kunde na viazi.

Tunachokithamini hapa ni kwamba majaribio haya yamepewa muda. Mtu akilinganisha mifumo hii kwa misimu miwili atasema kilimo hai kimeshindwa. Baada ya miaka kadhaa, mahindi ya kiwango cha juu yalikaribiana pande zote mbili, na faida ya kilimo hai ikaanza kuipita ile ya kawaida kuanzia mwaka wa tano, mradi mazao yake yauzwe kwa bei ya juu ya soko la kilimo hai. Bila bei hiyo mambo hubadilika, na viazi vimekuwa taabu kwa sababu ya magonjwa. Jambo jingine la kulisema wazi: kiwango cha juu hapa kina naitrojeni ya kilo 225 kwa hekta kwa mwaka, nyingi mno kuliko anayoweza mkulima mdogo. Kwa hiyo asiyekuwa na mifugo wala nguvu kazi asiahidiwe mavuno hayo.

Kazi kubwa ya kilimo hai katika vituo hivi iko kwenye mboji ya kurundika. Rundo huwa na upana wa mita 1.2 hadi 1.5 na kimo cha mita 1.2 hivi, likiwa dogo kuliko hapo joto hukimbia, likiwa kubwa sana hewa haifiki katikati. Chini huwekwa matawi membamba au mabua yaliyokatwakatwa ili hewa ipite. Juu yake hufuata tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, udongo kidogo, na maji kila baada ya tabaka. Majani makavu yazidi mabichi, kwa sababu lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Kwenye rundo huongezwa pia unga wa mwamba wa fosfati, kama ule wa Minjingu nchini Tanzania, ambao huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali na kukaa bure kwenye udongo usio nayo.

Fimbo ndefu huchomekwa mshazari hadi katikati. Ukiitoa siku ya tano au ya sita ikawa ya moto mpaka mkono unaikwepa, rundo liko kazini. Ikiwa baridi na kavu, yenye unga mweupe wa ukungu, rundo lina kiu. Ikitoka na harufu ya yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana. Ligeuze na uongeze mabua makavu. Harufu ya kuwasha pua kama ya mkojo maana yake naitrojeni inatoroka, na kilichokosekana ni majani makavu. Geuza baada ya wiki 2 au 3, kilichokuwa nje kiingie ndani, kisha rudia. Mbegu za magugu hufa tu kwenye sehemu iliyopata joto la nyuzi 60 hivi, kwa hiyo rundo lisilogeuzwa ni kitalu cha magugu.

Jumatano, Machakos

Kutoka Chuka tunashuka kupitia Embu hadi Ukambani. Miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi hii inakufa. Hadi kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na vilima vilikuwa na miti na matuta mengi kuliko awali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, majembe yakihama shamba hadi shamba.

Tuta lenyewe ni la fanya juu: unachimba mtaro kwa kufuata kontua, yaani mstari unaopita kimo kilekile cha mteremko, na udongo unautupa upande wa juu wa mteremko. Mtaro huwa sentimita 60 upana na 60 kina, na kati ya mtaro na tuta huachwa ukingo mdogo ili udongo usirudi shimoni. Umbali kutoka tuta hadi tuta hutegemea mteremko. Kanuni inayotumika Kenya ni hii: chukua asilimia ya mteremko, gawa kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, jibu ni mita za kushuka wima. Mteremko wa asilimia 15 hutoa mita 1.7 hivi, ambazo ukizipima juu ya shamba ni karibu mita 11 na nusu.

Kontua hupimwa kwa fimbo mbili zenye urefu sawa, kamba ya mita 10 na pima maji ndogo inayoning'inizwa katikati kabisa ya kamba. Makosa huanzia hapo. Pima maji ikisogea kidogo kutoka katikati, kamba ikilegea, au fimbo ikikanyagia jiwe, mstari wote huinama. Kosa la sentimita 5 kwa kila mita 10 halionekani wakati wa kuchimba. Mvua ya kwanza kubwa ndiyo hulionyesha: maji hukimbilia mahali pa chini, tuta hupasuka hapo, na mafuriko yanayotoka humvunjia mwenye tuta la pili na la tatu huko chini. Kila baada ya vipimo vichache rudi nyuma, badilishana fimbo, uhakikishe pima maji bado inasema ukweli.

Tuta jipya lipandwe nyasi mvua hizohizo, nepia au makarikari, vipandikizi vikipishana sentimita 30, la sivyo litarudi mtaroni. Kadiri miaka inavyokwenda udongo hukusanyika nyuma ya tuta na shamba hujisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Kuna gharama ambayo wakufunzi wengi huisahau: sehemu ya juu ya kila ngazi hubaki na udongo wa chini ulio maskini, na ya chini hujaza wa juu. Samadi ikitawanywa sawasawa, mahindi ya juu yatakuwa manjano na ya chini yatanawiri. Theluthi ya juu ndiyo ipewe samadi zaidi, hadi itakapolingana.

Alhamisi, barabarani

Naivasha, Nakuru, Kericho, Kisumu, kisha Maseno usiku. Jambo moja tu la kuandika: chai ya Kericho hustawi kwenye udongo wa pH, kipimo kinachoshuka tindikali inapopanda, ya kati ya 4.5 na 5.5, kiwango ambacho mharagwe hudhoofika. Tindikali yenyewe si ugonjwa. Ni lazima kwanza uulize zao gani.

Ijumaa, Maseno na Vihiga

Vihiga watu wamebanana, mashamba mengi ni madogo kuliko ekari moja, na udongo umeoshwa na mvua kwa karne nyingi. Penye pH chini ya 5.5 alumini huyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo. Ng'oa mhindi ulioathirika utazame mizizi: mifupi, minene, nchani imedumaa, bila vinyweleo vya pembeni. Mizizi kama hiyo haiwezi kufuata fosforasi hata ukiimwaga, na fosforasi unayoiweka nayo hushikwa na alumini na chuma. Ndiyo maana kuna mashamba ambayo mkulima hutia DAP kipimo kizima na asione tofauti. Watafiti huyaita mashamba yasiyoitika mbolea, na mengi yako mbali na nyumba, mahali ambapo samadi haifiki kwa sababu kuibeba ni kazi.

Chokaa ya kilimo hupatikana Koru, si mbali na hapa. Kipimo cha kawaida cha tani 2 kwa hekta ni mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari. Isugue kati ya vidole: ikiwa kama changarawe itachukua misimu kuyeyuka. Dondoshea ndimu, chokaa nzuri hutoa mapovu. Imwage wiki 2 hadi 4 kabla ya kupanda, ukaichanganye na udongo hadi sentimita 15, kwani ikiachwa juu hubaki juu. Usiichanganye na DAP kwenye shimo moja, naitrojeni itageuka amonia na kupaa. Na usizidishe kwa kudhani wingi ni heri: udongo huu una zinki kidogo, na chokaa nyingi huifunga hata hiyo. Asiye na pesa za ekari nzima aanze na kipande cha mita 5 kwa 5 chenye chokaa na kingine bila, vyote viwe na mbolea sawa, aone kama shamba lake linaitika kabla ya kukopa.

Kando ya njia zote za Maseno kuna ua wa tithonia, kichaka chenye maua ya manjano kama alizeti ndogo. Majani yake makavu yana naitrojeni ya asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu zaidi ya asilimia 4, na huoza kwa siku chache. Tani 5 za majani makavu kwa hekta huleta naitrojeni ya kilo 175. Takwimu hizo zimewavutia wengi bila wao kuuliza uzito wa majani mabichi. Tithonia mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo tani 5 kavu ni tani 25 za kukata kwa panga na kubeba kichwani. Kwa mahindi haiwezekani. Kwa kitalu cha sukumawiki karibu na nyumba, au konzi moja kwenye kila shimo la kupandia, inafaa sana. Halafu kuna hoja ya hesabu yetu: tithonia haitengenezi fosforasi, wala haivuti naitrojeni kutoka hewani kama kunde. Inahamisha tu kutoka kwenye ua kwenda bustanini. Ua ukikatwa mfululizo bila kurudishiwa kitu, nao huchoka.

Kuyapima majani mengine kama yanafaa kuzikwa moja kwa moja, njia za mkono zinatosha. Tazama rangi: kijani kibichi iliyokolea ni dalili ya naitrojeni nyingi. Likaushe, ulivunje kwa vidole: likisagika kuwa unga, ugumu wa miti ni mdogo; likibaki nyuzi, ugumu ni mwingi. Tafuna kipande cha jani la mti unaoujua kuwa hauna sumu: kikikaza ulimi kama ndizi mbichi, kuna kemikali nyingi ziitwazo polifenoli zitakazochelewesha kuoza. Jani la kijani, linalosagika, lisilokaza ulimi, lifukie. La kijani lakini gumu au la kukaza ulimi lichanganywe na mbolea au majani mengine mazuri. La manjano na laini liende kwenye mboji. La manjano na gumu libaki juu ya ardhi kama matandazo, kwa sababu ukilizika vijidudu vitakopa naitrojeni ya udongo ili kulila, na mahindi yako yatakuwa manjano katikati ya msimu.

Jumamosi, Siaya

Huku kuna majaribio ya muda mrefu ya CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, yaliyoanza miaka ya 2003 na 2004, ya kulima kidogo, kuacha mabua, kuzungusha mahindi na soya, na kuchanganya samadi na mbolea. Wengi tulitarajia yatathibitisha kwamba kilimo hifadhi hurudisha kaboni ardhini. Hayakuthibitisha. Kaboni iliendelea kupungua, na samadi na mabua vilipunguza upotevu bila kuugeuza kuwa faida. Tunaona hili ni tokeo la kuheshimiwa, si la kufichwa, hasa sasa ambapo wakulima wanaahidiwa pesa za kuhifadhi kaboni ardhini.

Sababu yake inaeleweka. Joto ni la mwaka mzima, unyevu upo misimu miwili, na mchwa hawalali. Tani 2 za mabua kwa hekta zinazoachwa juu ya shamba mwezi wa Agosti huwa zimeliwa sehemu kubwa kabla ya mbegu za vuli kuota, na zilizoachwa na mchwa humalizwa na ng'ombe wanaozurura baada ya mavuno. Asiye na ua wa kuwazuia hana matandazo.

Anayetaka kudai kaboni imeongezeka apime pia uzito wa udongo, si asilimia pekee. Pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5 hugongwa taratibu hadi ijae, huchimbuliwa pamoja na udongo wa pembeni, hukatwa sawa juu na chini kwa kisu, kisha hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24. Udongo wenye uzito wa gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo na kaboni asilimia 1.5 una tani 33 za kaboni kwa hekta hadi kina cha sentimita 20. Ukigandamizwa na miguu ya ng'ombe hadi gramu 1.3, asilimia ileile itasoma tani 39, na hakuna hata kilo moja iliyoongezeka. Umepima tu udongo mwingi zaidi ndani ya kina kilekile.

Jumapili, Luanda Kotieno

Feri ya kwenda Mbita. Kwenye mashamba ya njiani striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, limechanua zambarau katikati ya mahindi. Wajaluo huiita kayongo.

Jumatatu, Mbita

Kituo cha icipe kilichoko hapa ndiko teknolojia ya vuta-sukuma ilikolelewa, chini ya Zeyaur Khan pamoja na watafiti wa Rothamsted ya Uingereza na wa KARI, iliyoitangulia KALRO. Ililenga kwanza viwavi wa shina. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ikiwa kati ya mistari hutoa harufu inayowafukuza nondo, na nepia pembeni huwavuta wakatage huko, ambako viwavi wengi hufia kwenye utomvu. Faida kubwa zaidi ilionekana baadaye ardhini: striga ilipungua sana. Mbegu za striga ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na hulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri dalili ya mzizi wa mhindi. Mizizi ya desmodiamu huziamsha, kisha huzuia kijimzizi chake kisishike mhindi. Mbegu iliyoota bila kupata wa kumnyonya hufa, na hazina iliyo ardhini hupungua msimu baada ya msimu.

Mpangilio ni huu. Nepia mistari 3 kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya vipandikizi, na mita 1 iachwe kabla ya mhindi wa kwanza. Mahindi sentimita 75 kwa 30. Kati ya kila mistari miwili ya mahindi, chora mfereji wa sentimita 1 hadi 2 kwa fimbo yenye ncha. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo mno; ichanganye na mchanga mkavu ili isimiminike yote hatua tano za mwanzo. Ardhi isagwe laini kama ya kitalu cha mboga. Shamba lizidilo mita 50 kwa 50 ligawanywe, kila kipande kiwe na mpaka wake.

Wengi hushindwa kwenye palizi ya kwanza. Wiki 3 baada ya kupanda, mche wa desmodiamu una majani machache na unafanana na gugu, na kibarua asiyeonyeshwa ataung'oa wote asubuhi moja. Palilia kwa mkono mstarini, na urudie wiki ya 5 au ya 6. Msimu wa kwanza usitarajie mengi. Kuanzia wa pili jembe lisiguse mstari wa desmodiamu, na ipunguzwe mahindi yakiwa machanga, kabla haijayapanda.

Nepia yenyewe inaugua udumavu unaoenezwa na panzi mdogo wa majani: majani hufupika na kuwa manjano, na shina halikui baada ya kukatwa. Mmea kama huo ung'olewe na mizizi. Kwa maeneo makavu nepia imebadilishwa na nyasi za brakiaria aina ya Mulato II, na desmodiamu ya jani la fedha imebadilishwa na ile ya jani la kijani, inayostahimili ukame zaidi. Brakiaria nayo imepata adui wake, utitiri mwekundu wakati wa kiangazi.

Turudi kwenye hesabu. Desmodiamu huleta naitrojeni kutoka hewani na hufunika udongo, kwa hiyo kwa naitrojeni vuta-sukuma hujilipa. Lakini nepia na desmodiamu hukatwa mara kadhaa kwa mwaka, na kila mzigo hutoka na potasiamu na fosforasi. Malisho yakiuzwa kwa mwenye ng'ombe wa mjini, shamba hili litachoka haraka kuliko lile la mahindi matupu. Yakiliwa na ng'ombe wa boma hilohilo, kazi hubaki zizini: zaidi ya nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe na sehemu kubwa ya potasiamu iko kwenye mkojo, na sakafu ya udongo huinywa yote. Sakafu iwe ya saruji au mawe yaliyozibwa, yenye mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita kuelekea shimo lililosakafiwa, na mabua yaliyobaki horini yatandazwe chini ya ng'ombe yaunyonye. Shimo liezekwe mabati au lifunikwe kwa majani ya migomba, na samadi ipelekwe kwanza kwenye kipande kilicho mbali zaidi na nyumba.